Nimetubu, Mbona Mkosi Hauniachi?

SWALI: Nilikuwa mwekahazina wa chama chetu hapa Likoni. Nilichukua Sh12,000 za wenzangu na hawajajua mpaka leo. Nimemlilia Mungu, nimetubu. Lakini tangu hapo mahamri yangu hayatoki na mtoto haishi kuugua. Nimeambiwa nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya Sh5,000 kanisani, ili laana ikatike. Nipande?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Dada, usipande. Elfu tano hizo ni za wanachama wenzako.

Njia hiyo mfalme Sauli aliijaribu. Aliamriwa asibakize kitu cha Waamaleki, naye akabakiza kondoo na ng'ombe walionona. Nabii Samweli alipofika na kusikia mlio wa kondoo, mfalme akajitetea kwamba wamewekwa wachinjwe kwa Bwana. Akajibiwa kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu (1 Samweli 15:22), na ufalme ukamtoka.

Kosa lako limetajwa waziwazi katika Walawi 6:1-7: mtu aliyekabidhiwa amana akaila. Hurudisha kitu chote, huongeza sehemu ya tano, humpa mwenyewe. Ndipo hupeleka kondoo dume kwa kuhani. Angalia mpangilio huo: mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Yesu naye anasema uiache sadaka yako ukapatane kwanza na ndugu yako (Mathayo 5:23-24). Mkristo hachinji tena kondoo, lakini deni la jirani liko palepale.

Kwa hiyo hesabu yako ni 12,000 na 2,400 juu yake, jumla Sh14,400. Zile 5,000 ziwe malipo ya kwanza. Zitabaki 9,400, yaani Sh940 kila wiki kwa wiki kumi. Mwone mwenyekiti pamoja na katibu kabla ya kikao, ukiwa na daftari mkononi, na utaje kiasi chenyewe. Wengi huharibu hapa: husema "hesabu zilichanganyika", na toba inageuka uongo wa pili.

Huenda wakakuvua uweka hazina. Kubali. Musa aliambiwa auambie mwamba utoe maji, akaupiga mara mbili, hakuingia Kanaani, aliiona tu kutoka mlima Nebo (Hesabu 20, Kumbukumbu 34). Mungu hakumtupa, kwani ndiye anayeonekana akizungumza na Yesu mlimani (Luka 9:30). Kusamehewa hakufuti kila tokeo la kosa, na tokeo likibaki si ushahidi kwamba hukusamehewa.

Kuhusu mahamri, kagua kwanza unga, bei, na kama kuna mwingine ameanza kuuza karibu yako.

Mtoto ndiye anayetuumiza moyo zaidi. Wanafunzi walipoona kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Watakutajia mtoto wa mfalme Daudi aliyekufa baada ya baba yake kutenda dhambi. Habari ile Daudi aliambiwa na nabii Nathani, kwa ajili ya kosa lake yeye. Biblia haimpi jirani yako ruhusa ya kukisia hivyo juu ya homa ya mwanao. Mpeleke hospitali leo. Fedha ya dawa itangulie, na wiki hiyo uwaarifu wanachama mapema kwamba zile 940 zitachelewa.