Gari Mliache Kigoma

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Safari. Tuko Tabora, watu wanne na Noah moja. Mwezi wa saba tunataka kuona sokwe wa Gombe. Tutaendesha hadi getini?
Mama Wawili, Cheyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Geti la gari halipo! Gombe haina barabara. Laleni Kigoma mjini, Noah iacheni huko, asubuhi mpande boti Kibirizi; Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji. Ziwa huchafuka mchana, msichelewe. Mwezi wa saba ni kiangazi, mmechagua vyema. Mwenye mafua asiende: sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

Njiani Uvinza nunueni chumvi. Mimi sipiti bila mfuko, ingawa mke wangu hunicheka. Kurudi, dagaa wafungeni vizuri. Noah yangu ilinuka hadi Krismasi.