Kaka hawa wameficha kinywaji

Ndugu uliyeanzisha uzi, swali lako nimelisoma juu ya feri ya Likoni nikacheka mpaka abiria wa pembeni akachungulia simu yangu. Unasema umetumiwa karatasi ya fumbo la mraba la Kiswahili, lile la kujaza maneno visandukuni, ukakwama kwenye kidokezo "Samaki wamevurugika, msimu wa mvua (6)". Kesho yake majibu yakaja: MASIKA. Na bado unauliza, "Mvua sawa, lakini hao samaki wameingiaje?"

Hicho kidokezo nilikuwapo kilipotungwa, kwa hivyo niwie radhi nikienda mbali kidogo.

Chukua kalamu, andika SAMAKI, na chini yake MASIKA. Sasa kata herufi mbilimbili, ya juu na ya chini. S na S. M na M. K na K. I na I. A mbili kwa A mbili. Hakuna iliyobaki, na ile (6) ni idadi ya herufi za jibu. "Wamevurugika" maana yake herufi za neno lile zimekorogwa zikapangwa upya, na kilichotokea ni jina la msimu wa mvua. Samaki wenyewe hawana habari na mvua wala bahari. Wako pale kama matofali tu.

Ulichokosea, na mimi nilikosea hivyo hivyo kwa miezi, ni kukisoma kidokezo kama sentensi. Kidokezo cha kificho ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja hata ukadhani ni kimoja. Kitambaa kimoja ni maana ya jibu, kama ungeikuta kwenye kamusi. Cha pili ni maelekezo ya kulijenga neno lilo hilo kwa herufi zake. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, katikati haikai. Kwa hivyo swali la kwanza si "hii sentensi inasema nini?" Swali ni "mshono uko wapi?" Hapo kwa samaki, mshono uko penye mkato. Watungaji wengine hawakuwekei hata mkato, na wengine huuweka mahali pa kukupoteza.

Mimi nilifundishwa haya barazani, Mji wa Kale. Wakati huo nilikuwa kwenye kazi ya kutoa makontena bandarini, kazi ambayo nusu yake ni kungoja karatasi zigongwe muhuri, na jioni nilikuwa napitia kwa muuza kahawa kabla ya kuvuka. Palikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu, gazeti la Kiingereza limekunjwa mara nne gotini, penseli sikioni. Yale mafumbo mepesi, neno kwa maana yake, nilikuwa nayaweza. Lake lilikuwa la kificho. Nikasoma vidokezo vitatu nikamrudishia. "Mzee, hii si lugha."

"Mwanangu," akasema, "wewe umelelewa kwenye leso na vijembe, mama akivaa leso yake jirani anajua kaambiwa nini bila kutajwa jina. Leo hii ndiyo ikushinde?"

Nikaona haya, nikakaa.

Historia yake aliipitia haraka na mimi nitaipitia haraka. Fumbo la kwanza la aina hii lilitoka kwenye gazeti la New York tarehe 21 Desemba 1913, mtungaji akiwa Arthur Wynne, na lilikuwa la maana tupu, bila hila. Waingereza ndio waliotia hila katika miaka ya 1920. Maarufu wao wa mwanzo alijiita Torquemada, aliyekuwa akitunga kwenye gazeti la Observer kuanzia 1926. Alikuwa mkali mno, na waliomfuata ndio waliodai haki kwa mfumbuaji. Mmoja wao, aliyejiita Afrit (naam, ni huyo huyo afriti wetu), aliweka sharti ambalo mpaka leo watungaji wanalishika: mtungaji halazimiki kukusudia anachosema, lakini analazimika kusema anachokusudia. Lisome tena taratibu. Ruhusa ya kudanganya kwa sura anayo. Ruhusa ya kudanganya kwa herufi hana.

Sasa nikwambie siku iliyoniingia akilini. Walikuja ndugu wawili, mtu na mdogo wake, wakakaa, wakaagiza. Muuza kahawa akainua dele, vikombe vinalia kwenye vidole. Mzee akawatazama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Kaka hawa wameficha kinywaji. Herufi sita."

Yule mkubwa akaruka. "Mimi sinywi, mzee! Haki ya Mungu, unaweza kuninusa!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akachukua penseli, pembeni mwa gazeti akaandika kwa herufi kubwa: KAKA HAWA. Kisha akapiga mstari chini, akiruka herufi mbili za mwanzo. Ka-KA HAWA. Kahawa. Kinywaji kilikuwa mbele ya macho yetu, kinafuka moshi, na kwenye maneno yake pia kilikuwapo, kimekaa katikati ya kaka na hawa, nasi tumeshughulika kunusana midomo.

Hapo "wameficha" ndilo neno la kukustua. Kila aina ya hila ina maneno yake. Ukiona kuficha, kumeza, ndani ya, tumboni mwa, angalia kama jibu limelala ndani ya maneno yenyewe. "Tunda ndani ya jembe (4)" ni EMBE, limo mle ndani ya j-EMBE, huhitaji hata kamusi. Ukiona kuvuruga, kukoroga, kulewa, kupinda, hapo herufi zinapangwa upya. Ukiona kukatwa kichwa, toa herufi ya kwanza. Na usipoona neno lolote la namna hiyo, shuku maana mbili. "Mnyama juu ya nyumba (3)" watu hukimbilia paka, wakakuta herufi moja imezidi. Ni PAA: mnyama wa mwituni ni paa, na la juu ya nyumba ni paa. Mshono uko baada ya "mnyama", na hilo neno "juu" linakuvuta usiuone.

Kuvuruga kwa Kiswahili kuna njia ya mkato ambayo Mwingereza hana. Herufi za SAMAKI ukizipanga ovyo unapata mipango 360. Lakini maneno yetu karibu yote huishia na vokali, na hapa una konsonanti tatu na vokali tatu, kwa hivyo jaribu kwanza konsonanti, vokali, konsonanti, vokali. Ukifuata hivyo mipango inabaki 18. Hiyo unaimaliza kabla kahawa haijapoa. Siku zote anza na kisanduku cha mwisho, tia vokali.

Ndiyo, haya ya Kiswahili tuliyaanza kwa mzaha baada ya gazeti la siku moja kuchelewa. Tulikuwa watu watano, sasa ni kikundi cha WhatsApp, na karatasi uliyotumiwa imetoka huko. Tuligundua upesi kwamba kanuni haziwezi kuhamishwa zote. Kiingereza kina vidokezo vya sauti, maneno mawili yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Kwetu kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, mlango huo umefungwa. Tukafungua mwingine, wa lahaja. "Mmvita akuita uje na chombo cha maji (4)" ni NDOO, kwa sababu panapo "njoo" Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema "ndoo". Wenzetu wa bara walilalamika sana juu ya hicho. Tukawaambia waje wakae Mombasa.

Tulichokuwa nacho tayari ni kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuchukua silabi ya mwisho ukaileta mbele ili wakubwa wasielewe. "Lima kinyume upate utajiri (4)": li-ma, ma-li, MALI. Nacho ninachokipenda kuliko vyote, cha mzee mwenyewe: "Yanayotoka ukitema kinyume (4)". Tafuta mshono hapo. Nilitafuta siku mbili. Haupo! Te-ma kinyume ni ma-te, MATE, na kidokezo kizima ndicho maana: ukitema, yanayotoka ni mate. Kitambaa ni kimoja, kimeshonwa pande zote mbili. Hivyo ni vichache, na mtungaji akikipata hulala vizuri.

Tazama lakini hiyo "yana-". Mwenye jicho ameshajua jibu liko kwenye ngeli ya mate na maji, na nusu ya kazi imekwisha. Ngeli ndiyo adui wa mtungaji wa Kiswahili: ukiandika "kinachokata" umeshasema kisu. Dawa yake tuliipata kwenye "hu-", ambayo haina ngeli. "Hutafuna majani, hukuna nazi (5)". Wa kutafuna ni mnyama, wa kukuna ni kile kigoda chenye meno cha jikoni, na wote wawili ni MBUZI. Kitenzi hakimsaliti mtu. Ukikutana na karatasi yetu ukaona "hu-" imejaa, ujue tunajificha.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa CH. Je, ni kisanduku kimoja au viwili? Kuna aliyeleta "Chai bila kichwa, na bado yapumua (3)", akitaka tutoe C tubaki na HAI. Tamu, sivyo? Lakini mwalimu mmoja wa kikundi akasema ch ni sauti moja, huwezi kuikata ukaacha h inaning'inia. Wiki mbili watu hawakuamkiana. Tulimaliza kwa kura: herufi moja, kisanduku kimoja, kama kwenye simu. Mwalimu hajakubali mpaka leo, na mimi moyoni niko upande wake.

Changu cha kwanza kilikuwa aibu. "Jiji: omba ndani ya Msa (7)". M, kisha OMBA, kisha SA. Nilijiona fundi. Mzee akauliza, "Msa ni nini?" Kifupi cha Mombasa. "Na jibu lako?" Mombasa. Akanirudishia karatasi. "Umefunga mlango, mwanangu, ufunguo ukauacha kwenye kitasa, nje."

Wiki iliyofuata nikaja na "Mita moja kabla ya mapigano, mji wetu (5)". M ni kifupi cha mita, mapigano ni VITA, jumla MVITA, jina la zamani la Mombasa. Akasoma, akatikisa kichwa mara moja kukubali, kisha akaweka penseli kwenye "moja". Hilo linafanya kazi gani? Halifanyi. Akalifuta. Kila neno liwe na kazi, la sivyo litoke. Hivi sasa kimebaki "Mita kabla ya mapigano, mji wetu", na ndicho pekee cha kwangu alichowahi kukinakili.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba huu ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London liliandaa shindano la kumaliza fumbo lao kwa chini ya dakika 12, na baadhi ya waliofaulu wakachukuliwa kwenda kufumbua maandishi ya siri ya vita. Mwaka huo huo Waingereza waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani walihamishwa kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) wakaletwa hapa hapa, wakakalishwa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Walikuwa wamekwama kwenye msimbo mmoja wa siri wa meli za mizigo za Japani, wakidhani tarakimu za ujumbe zimejumlishwa na tarakimu nyingine za kuzificha. Wajapani wakafanya kosa, na kosa hilo likaonyesha kwamba mbali na kila alama kupewa tarakimu zake mbili, tarakimu zenyewe zilikuwa zimepangwa kwenye safu na safu zikavurugwa. Samaki na masika. Walikuwa wanatafuta mshono mahali ambapo haupo.

Turudi kwako. Umesema majibu ulishayapata yote na unataka tu kujua mengine yaliyobaki ni kwa nini. Hapo uko sawa kuliko wengi. Barazani kwetu jibu peke yake halihesabiwi. Unataja jibu, kisha unatoa sharhe: maana ni ipi, mshono uko wapi, kila neno limefanya kazi gani. Ukibahatisha ukapata, unanunua kahawa ya wote kama aliyekosa. Nimenunua nyingi.

Kwa hivyo sitakumalizia hiyo karatasi. Nitakusaidia kimoja tu, nambari 9 ya wima, ambayo najua imekutesa: "Kila kinyume, elfu mia (4)". Mshono uko penye mkato, safari hii hatukukuchezea. Andika jibu hapa chini, na sharhe yake.