Breki za kauri au kitufe cha kunyanyua pua?

CHINI YA BONETI: maswali ya wasomaji kwa fundi wa Chang'ombe, Dodoma

SWALI: Shikamoo Fundi. Nanunua mahindi na alizeti Kibaigwa, nyumbani ni Ilazo. Tangu niko sekondari natamani Lamborghini, na mwaka huu Mungu akijalia naagiza Gallardo LP560-4 la 2009, lililotumika, kutoka Uingereza. Nimebakiwa na mawili, yote usukani kulia, bei karibu sawa. Moja la njano: breki za kauri, kioo juu ya injini, kaboni kila mahali ndani. Jingine la kijivu: breki za chuma, kitufe cha kunyanyua pua na kamera ya nyuma, basi. Washkaji wote wanasema la njano ndilo limekamilika. Wewe unasemaje?
Msomaji, Ilazo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua la kijivu. Hata muuzaji akikushushia bei ya la njano, chukua la kijivu, halafu uje nikueleze mbele ya washkaji zako wakiwepo.

Hebu toka nyumbani kwako kwa mawazo. Kabla hujaigusa lami una mtaro, mawe na ile njia ya udongo ambayo mvua ya Januari huichana makorongo. Ukishika barabara ya Morogoro, rasta na matuta yanakusubiri Ihumwa, yanakusubiri Buigiri, yanakusubiri Mbande, na hujafika Kibaigwa bado. Pua ya Gallardo iko chini kiasi kwamba tuta ambalo bodaboda hailihisi, wewe utalisikia kwenye bampa. Kile kitufe kinasukuma mafuta ya haidroliki kwenye shokap za mbele na pua inapanda sentimita chache. Sentimita hizo ndizo tofauti ya kupita na kukwangua. Na usidhani utakifunga baadaye hapa kwangu. Shokap zenyewe ni za aina yake, kuna pampu, mabomba na nyaya. Gari ambalo halikutoka nacho Sant'Agata, kiwandani kwa Lamborghini kule Italia, ni bora ulihesabu kuwa halitakuwa nacho.

Ndiyo kipimo changu kwa gari lolote la namna hii: lipia kile ambacho kiwanda peke yake ndicho kinaweza kufunga vizuri. Redio, filamu ya kulinda rangi, ekzosi ya kelele, vyote hivyo vinaongezwa. Usimlipe mtu wa Uingereza pesa ya redio.

Sasa kauri. Sitazisema vibaya kwa sababu nazijua. Diski zile ni nyepesi, hazichoki ukizikanyaga mfululizo kwenye mbio, na hazipaki rimu zako masizi meusi. Kwa mtu anayepeleka gari uwanja wa mbio kila Jumamosi ni mali. Wewe utakanyaga breki kutoka kilomita 250 kwa saa wapi? Kila kijiji ni 50, na askari yuko chini ya mbuyu na tochi yake.

Halafu kuna jambo ambalo mabroshua hayasemi. Niliwahi kufanya kazi gereji moja Dubai, bado kijana, mikono ina haraka. Siku moja natoa gurudumu la gari la mteja, rimu ikanitoka ikagonga ukingo wa diski ya kauri. Kipande kidogo, kama punje ya mtama, kikaruka. Kwenye diski ya chuma ungepuliza vumbi ukaendelea na kazi. Kwa ile, msimamizi aliinama akaangalia, akaniambia diski imekwisha. Nilikatwa mshahara miezi kadhaa, na sijawahi tena kufungua gurudumu lenye kauri bila kwanza kufunga zile pini ndefu za kuongoza rimu. Sasa fikiria umepata pancha Manyoni, na kijana wa tairi ana spana moja na mlango wa bati. Chuma, mdogo wangu.

Kioo juu ya injini kinapendeza, sikatai. Ile V10, injini ya silinda kumi ya lita 5.2, ukiiona imelala pale unatamani kuisalimia. Lakini kwa vumbi letu la Agosti utakuwa unaonyesha watu vumbi. Kaboni ya ndani nayo ni urembo tu. Jua la Dodoma likiipiga miaka miwili mitatu, vanishi yake hupauka. Na kwa gari lolote kati ya hayo, omba picha ya ngozi ya dashibodi pale inapokutana na kioo cha mbele. Ngozi iliyochoka hujikunja na kuinuka pale kama chapati kwenye moto mkali. Kamera ya nyuma unaidharau, ila utaipenda: nyuma ya gari lile huoni kitu.

Hukuniambia gia, na hapo ndipo pesa ilipo. Mengi ni e-gear, yaani klachi ni moja kama ya gari la kawaida ila kompyuta ndiyo inaikanyaga. Foleni na kurudi nyuma kwenye mwinuko huimaliza. Usikubali neno "klachi nzuri". Dai wapime kwa kompyuta wakupe asilimia iliyolika, kwa maandishi. Kama la kijivu lina gia ya mkono, usinijibu barua hii, lipia leo leo. Ni chache, na siku ya kuuza zitagombaniwa.

Kitufe chenyewe pia kikaguliwe. Muuzaji akurushie video: anawasha, anapima kwa rula kutoka chini hadi midomo ya bampa kushoto na kulia, anabonyeza, anapima tena, anaacha dakika kumi, anapima mara ya tatu. Upande mmoja ukiwa umeshuka, kuna mafuta yanavuja, na shokap hizo hazipatikani sokoni Sabasaba.

Kuhusu kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, katikati kuna ushuru wa bidhaa kwa injini kubwa, na gari la 2009 lina tozo ya uchakavu pia. Ingiza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti ya kushika gari.

SWALI: Fundi, rangi ya gari la kifahari inaongeza bei kweli? Nina mashaka na nyekundu.
Msomaji, Manyoni

JIBU: Inaongeza Ulaya. Hapa ukiwa na nyekundu utaitwa Simba, ukiwa na njano utaitwa Yanga, na mnunuzi wako atatoka nusu ya nchi tu. Ya kijivu hata shabiki wa Dodoma Jiji atainunua. Vumbi pia haliionei.

Yule wa Ilazo: likifika, kwenye geti langu kuna tuta. Bonyeza kabla hujalipanda.