Belti inalia, ninunue nini? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii mmenitumia maswali ya belti tu, nadhani ni hizi asubuhi za baridi zimeanza kuziliza gari. Naongelea ule mkanda mmoja mrefu unaozunguka mbele ya injini, wengi tunauita feni belti japo kwenye SUV nyingi tunazoendesha hauzungushi feni hata kidogo, feni ni ya umeme, wenyewe unazungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya stelingi na mara nyingi wota pampu inayosukuma maji ya kupoza injini. Twende.

Nina Harrier tako la nyani, ile ya toleo la pili. Fundi kanituma belti, nimefika Kariakoo muuzaji ananiuliza "ya ngapi?" nikabaki namtolea macho. Nilitakiwa kujibu nini? (Dada wa Tegeta)

Pole dada, kuna mafundi nao wanatoa macho hapo hapo. Siku nyingine usiende dukani mikono mitupu, beba belti ya zamani, igeuze mgongoni utakuta maandishi kama 6PK1230. Hiyo 6 ni idadi ya ribu, yani ile mistari inayoingia kwenye puli (magurudumu madogo belti inakopita), PK ni umbo la ribu, halafu 1230 ni urefu kwa milimita. Ukikuta imeandikwa Kimarekani, tuseme K060485, usiogope, ni ribu 6 na inchi 48.5, zidisha mara 25.4 unapata kama 1232, karibu ni ile ile.

Kwenye ribu ndo watu wanapigwa. Ribu moja ina milimita 3.56, kwa hiyo ya ribu 6 ina upana wa milimita 21 na kidogo na ya ribu 7 inakaribia 25, sasa wewe umesimama kaunta na jua la mtaa wa Gerezani huo upana wa milimita tatu na nusu utauona saa ngapi? Mimi yalinikuta, gari yangu inakula ya ribu 7 nikauziwa ya 6, jamaa ananiambia "hiyo inaingia tu bosi", na kweli iliingia, mjini hapa nikatembea wiki nzima bila shida. Siku naenda Iringa nimefika mlima Kitonga, AC imewashwa, lori mbele linatambaa na mimi nyuma natambaa, belti ikaanza kupiga kelele na harufu ya mpira ikajaa ndani. Nikazima AC, tukapanda madirisha wazi na watoto wamekunja sura hadi juu. Uwe unahesabu ribu kwa kucha, moja moja, usione aibu.

Kama maandishi yamefutika basi beba namba ya chesisi. Kusema "ya Harrier" haitoshi, sababu tako la nyani hilo hilo kuna la silinda nne lenye injini ya 2AZ na kuna la V6, belti zake hazifanani kabisa. Muuzaji mwenye katalogi akiingiza chesisi anapata namba ya spea, na za Toyota utazizoea haraka, belti nyingi zinaanza na 90916, tenshena (ile inayoikaza belti) 16620, puli ya kati 16603. Tofauti ya milimita tano kwenye urefu tenshena itaimeza, ila akikwambia hii imezidi sentimita mbili tatu lakini itakaa, rudisha hela yako mfukoni.

Nimeweka belti mpya mwezi uliopita, X-Trail inalia asubuhi kama kifaranga. Fundi akipaka sabuni inanyamaza siku mbili inarudi. Ninunue belti nyingine? (Morogoro)

Hapana, na sabuni mwambie akafulie. Hata zile dawa za kupuliza kwenye belti ni hadithi ile ile, zinanyamazisha kelele afu zinakusanya vumbi, na vumbi la barabara zetu unalijua.

Fanya hivi, injini ikiwa inalia chukua chupa ya maji ya kupuliza, ile ya saluni, simama mbali na feni, mkono na nguo za kuning'inia ziwe mbali pia, puliza maji kidogo upande wa ribu. Kelele ikinyamaza sekunde kadhaa halafu ikarudi, puli haziko kwenye mstari mmoja, labda kuna moja beringi imelegea inakaa upande, au alteneta iliwahi kufunguliwa ikarudishwa vibaya. Kelele ikizidi, belti inateleza, haikazwi vya kutosha, na hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni tenshena.

Tenshena utaipima bila kifaa. Gari ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, angalia ule mkono wake, kutetemeka kidogo ni kawaida, ukiona unarukaruka kama mtu mwenye homa basi umechoka. Kisha zima injini, toa belti, zungusha kila puli kwa kidole. Nzima inazunguka kimya na inakuwa nzito kidogo kwa sababu ya grisi. Mbovu zipo za aina mbili, kuna inayokwaruza kama imetiwa mchanga, hiyo kila mtu anaijua, na kuna inayozunguka lainiii haisimami kama tairi la sketi, mafundi wengi wanaisifia kumbe grisi imeshakauka yote. Zote mbili toa.

Na angalia mafuta. Kama kava ya valvu inavuja au hosi ya stelingi inadondosha juu ya belti, mpira wa belti za siku hizi ukinyonya oili unavimba na kulainika, utabadilisha belti kila mwezi na uvujaji uko pale pale unakuangalia.

Tenshena mpya ya bei chee au used ya Japani? (Mzee wa Moshi)

Shikamoo mzee. Swali gumu hili na wenzangu wa Ilala wanaouza used watanikasirikia. Used iliyopitia Japani au Sharjah ni ya kiwandani kweli, chuma chake kizuri, lakini springi na beringi zimeshafanya kazi miaka mingi kwenye gari la mtu na hakuna anayejua kilomita ngapi. Ile mpya isiyo na jina, beringi yake hata sitaki kuiongelea. Mimi ningejibana ninunue mpya ya jina linalojulikana, GMB kwa mfano wanatengeneza tenshena, na ukiamua used basi nunua umbo lake tu, puli yake uitie beringi mpya kabla haijafungwa.

Kwenye belti sina majadiliano, used sinunui. Bando na Mitsuboshi wote ni wa Kobe, mmoja yupo tangu 1906 mwingine 1919, na Gates na Dayco nao wazuri, ila feki zipo, kwa hiyo sugua maandishi kwa kidole chenye mate. Yakitoka kirahisi, au kingo za ribu zina nyuzinyuzi kama zimekatwa na kisu butu, achana nayo.

Naweza kubadilisha beringi tu nikaacha puli? (Mbeya)

Unaweza, kama ni puli ya chuma na beringi inatoka kwa presi. Nyingi zinatumia 6203, ndani milimita 17, nje 40, unene 12, lakini soma iliyoandikwa kwenye ya kwako. Chukua yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, Koyo, NSK au NTN, sio ya pikipiki ya kichina, maana puli hii ni ndogo, krenki, yani shafti kuu ya injini, ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika yenyewe inaenda zaidi ya 6,000. Kama puli ni ya plastiki nunua nzima.

Niko na Forester SG5, mkanda ukikatika njiani naweza fika nyumbani ama niite breakdown? (Nairobi)

Hapo Subaru imekupendelea kidogo. Hiyo injini ya EJ wota pampu yake inazungushwa na taimingi belti, mkanda mwingine huko ndani, kwa hiyo mkanda wa nje wa alteneta ukienda unapoteza chaji na stelingi inakuwa nzito kama jiwe, lakini maji yanaendelea kuzunguka. Mchana, AC na redio zimezimwa, jicho kwenye geji ya joto, unaweza kujikokota mwendo mfupi mpaka betri ichoke, na kumbuka feni za rejeta nazo zinakula betri hiyo hiyo. Forester hiyo pia haina tenshena ya kujikaza yenyewe, inakazwa kwa bolti, kwa hiyo ukifunga mpya mwambie fundi aukaze tena baada ya siku chache.

Jirani yako mwenye RAV4 au Harrier ya 2AZ asikuige. Kwake mkanda huo huo ndo unazungusha wota pampu, taa ya betri ikiwaka, hasa stelingi ikigoma kwa pamoja, apaki hapo hapo hata kama ni mita mia kutoka getini. Hiyo injini ikichemka nyuzi za bolti za silinda hedi zinang'oka kwenye bloku, na bili yake utaisikia mtaa mzima.

Prado ya dizeli 1KD, belti mbili ndani ya mwaka, tenshena mpya, puli mpya, bado inapiga. Huku joto kali, ndo sababu? (Muscat)

Joto linachangia ila sio kwa kasi hiyo. Umebadilisha kila kitu isipokuwa puli ya alteneta, au nimekosea? Kwenye 1KD ile puli ina klachi ndani, inabana upande mmoja na kuachia upande mwingine ili mapigo ya dizeli yasifike kwenye belti. Ikijam, kila pigo la injini linaenda moja kwa moja kwenye belti na tenshena. Toa belti, shika feni ya alteneta kwa bisibisi isizunguke, zungusha puli, upande mmoja igome na upande wa pili iteleze. Ikigoma pande zote au ikiteleza pande zote, mchawi umempata. Usikubali kuuziwa alteneta nzima, puli inauzwa peke yake, ila kuitoa kunahitaji soketi maalumu, kwa hiyo uliza gereji kama wanayo kabla hujaacha gari. Na taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi yako hiyo ni ya taimingi, haihusiani na huu mkanda, mtu asikuchanganye.

Belti haina mipasuko hata mmoja, ina kilomita 110,000. Niiache? (Dodoma)

Zamani tulihesabu mipasuko. Mpira wa sasa haupasuki hovyo, unaisha kama tairi, bonde kati ya ribu linachimbika mpaka belti inalalia chini kabisa kwenye mifereji ya puli. Ibadilishe, na ile ya zamani kama bado inashika itupe kwenye buti pamoja na spana ya kulegezea tenshena, afu piga picha kwa simu jinsi ilivyopita kwenye puli kabla fundi hajaitoa.