Theluji ya kuweka na kutoa kwenye modeli zako

Kama una meza ya modeli, yaani vile vijiji vidogo vya reli au uwanja wa kuchezea vita, kuna siku utataka theluji tu. Ushauri wangu mkubwa ni huu, usiigundishe kwenye modeli yenyewe. Nasema kwa uchungu kabisa, mi nilijenga kijiji kwa miezi mitatu, nikapaka gundi nyeupe ya mbao nikamwaga magadi soda (ile baking soda ya kupikia) juu yake, siku ya kwanza kilipendeza mpaka nikawa naita watu waje waone, baada ya muda ile theluji ikaanza kuwa njano na kuitoa ikawa haiwezekani bila kubandua rangi na nyasi zote.

Siku hizi nagundisha kwenye nailoni. Chukua ile nyembamba ya kufungia chakula, funika paa, ibonyeze vizuri ifuate umbo lote hadi kwenye bomba la moshi, alafu changanya gundi nyeupe na magadi kidogo iwe nzito kama uji wa mtoto, paka juu ya nailoni na uchekeche unga mkavu wa magadi juu kabla haijakauka. Acha ilale usiku mzima. Gundi hii haishiki nailoni kabisa, kwa hiyo asubuhi inabanduka yenyewe unabaki na kofia ya theluji inayokaa kwenye paa lile lile tu, na ndo maana kila kofia naiandikia namba kwa ndani, maana ukichanganya utateseka. Bora tabaka mbili nyembamba kuliko moja nene, nene hupasuka.

Chini kwenye ardhi usiweke gundi, mwaga unga mkavu tu. Hakikisha tu modeli imeshapigwa vanishi isiyong'aa na imekauka. Chumvi achana nayo, inavuta unyevu na inakula chuma. Unga wa ngano unaleta wadudu. Na kwenye reli, jamani, unga wowote usiukaribishe, ukiingia kwenye mota na gia za treni umeua treni, pale mi natandika kitambaa cheupe chenye manyoya nakikata kufuata njia.

Jinsi ya kumwaga ndo inaleta uhai. Theluji inatoka juu, kwa hiyo shika chekecheke juu kama sentimita 30 hivi na uligonge polepole kwa kidole, chini ya upenu na chini ya miti iwe kidogo au isiwepo kabisa. Afu chagua upepo unatoka upande gani na usibadilishe mawazo katikati, kuta na mawe ya upande mmoja yarundikie, mwingine uache wazi. Hapo tu mtu anaiona baridi.

Kutoa: vaa barakoa, nyanyua kofia zote kwanza, halafu tumia brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo, mdomo wake uufunge na soksi nyembamba ya kike ili unga ubaki kwenye soksi uutumie tena. Usipulize kwa mdomo, unausukuma kwenye nyufa. Na usifute kwa maji, magadi yanayeyuka na yakikauka yanaacha madoa meupe, hayo ya kwenye nyufa yatoe na mswaki mkavu taratibu.