Wasomaji Wanauliza: Kuni, Shoka na Baridi Kali

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazotufikia zinahusu kuni. Tumechagua tano.

Mama muuza maharagi, Ndosho, Goma: Nilinunua steri moja (rundo la mita moja ya ujazo) ya kuni za mkaratusi. Imemaliza mwezi na nusu uani, nimeifunika bashi (turubai) vizuri mpaka chini, lakini moshi wake unawafukuza hata wateja. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni kavu. Alinidanganya?

Mama, hata kama muuzaji alisema kweli, bashi limekuharibia. Kuni zikifunikwa mpaka chini, unyevu unaotoka ndani ya mti hugonga bashi, hugeuka matone na kurudi palepale. Funika juu tu, kama paa, na ubavu wote uache wazi upepo upite. Kisha ziinue kutoka ardhini. Panga mistari miwili ya mawe ya volkano, ambayo Ndosho hayanunuliwi, laza fito mbili juu yake, ndipo upange kuni. Nafasi ya sentimita 15 chini inatosha.

Tazama pia ukubwa wa vipande. Maji ndani ya mti hufuata nyuzi, kwa hiyo hutoka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, na gome huyazuia ubavuni. Gogo la mita 1 lisilopasuliwa laweza kumaliza mwaka likiwa bichi katikati. Kata urefu wa sentimita 30 hadi 40, pasua mpaka unene usizidi sentimita 10 au 12, na kila kipande kiwe na angalau upande mmoja usio na gome. Ukipasua mwishoni mwa Mei, kiangazi cha Juni hadi Agosti kitakufanyia sehemu kubwa ya kazi. Miezi 6 ni bora zaidi.

Kuhusu maneno ya muuzaji, usiyategemee, pima mwenyewe. Chagua vipande vitatu kutoka katikati ya rundo, vitie alama ya chaki, na kila Jumamosi uvipeleke kwenye mizani ya sokoni. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, kuni zimefika. Dalili nyingine: nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka, na sauti kali ukigonganisha vipande viwili. Kuni mbichi hutoa sauti butu. Na motoni, ncha zikitoa povu na kuzomea, hayo ni maji.

Mti uliokatwa leo huweza kuwa maji nusu ya uzito wake. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula kama megajuli 2.6, na kilo 1 ya mti mkavu hutoa karibu megajuli 18. Ukipiga hesabu, utaona maji yenyewe hayali moto mwingi kama watu wanavyodhani. Hasara kubwa iko kwenye moshi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hutoka kama gesi, na moto uliopozwa na mvuke haufiki joto la kuziwasha. Unaponunua kuni mbichi, unalipia gesi inayopita machoni mwa wateja bila kuivisha maharagi.

Kijana wa kibarua, Kadutu, Bukavu: Ninapasua kuni kwa malipo. Shoka linanasa katika mkaratusi halitoki, na nimeshavunja mipini miwili, yote karibu na chuma. Nifanyeje?

Ndugu, ukivunja mpini karibu na chuma, mara nyingi maana yake ni kwamba shoka linapita gogo. Chuma kinaangukia ng'ambo, na mpini ndio unaopiga ukingo. Rudi nyuma upana wa kiganja, na ulenge ukingo wa gogo ulio karibu nawe. Ukikosea kwa kupungukiwa, chuma kitaingia kwenye kisiki cha kupasulia, na hapo hakuna hasara. Ndiyo sababu kisiki hicho ni lazima: kipana, kimo cha sentimita 35 hivi. Anayepasua juu ya udongo mtupu huharibu makali kwa mawe, na shoka likiteleza huishia mguuni. Simama miguu ikiwa sambamba, upana wa mabega, usitangulize mmoja. Shoka linaposhuka, kunja magoti ushuke nalo.

Kuhusu kunasa, tazama shoka lenyewe. Lile jembamba la kilo 1 na nusu ni la kuangushia miti, limetengenezwa likate nyuzi. Kupasua kunataka chuma cha kilo 2.5 hadi 3.5 chenye mashavu mapana, kinachosukuma nyuzi ziachane. Kama hulipati, tumia kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 4. Kichwa cha kabari kikianza kuchanua pembeni, kisage kwanza, kwa sababu vile vipande huruka hadi machoni.

Mkaratusi nao una tabia yake. Nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, na ukikauka ukiwa mzima hukaza. Upasue siku zilezile za kukatwa, ungali na maji. Usipige katikati ya gogo nene. Anza ukingoni, toa kibao cha sentimita 6 au 7, zungusha, toa kingine, mpaka ubaki moyo. Soma ncha ya gogo kabla ya kuinua shoka: kama kuna ufa unaotoka kwenye moyo, piga juu ya mstari wake, na fundo likae upande wa chini. Shoka likinasa, usilipinde kushoto na kulia. Piga mwisho wa mpini kwa kiganja kuelekea chini, kisha kuelekea juu, litalegea.

Zungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki sehemu ya mpini iliyo chini ya chuma. Na chuma kikilegea, achana na ile desturi ya kukiloweka majini usiku. Mpini huvimba kwa siku moja, kisha hukauka na kulegea kuliko mwanzo. Ongeza kabari ndogo juu.

Dada wa Nguba, Bukavu: Mdogo wangu amefika Québec, nchini Kanada, anakaa kijijini kwa familia inayopasha nyumba joto kwa kuni. Februari watampeleka porini kukata miti, wanasema digrii 20 chini ya sifuri. Kwa nini wachague wakati mbaya hivyo? Na avae nini?

Dada, kwa kuni ule ni wakati mzuri. Majani yameshaanguka, kwa hiyo matawi yaliyovunjika na kuning'inia yanaonekana. Ardhi imeganda, magogo huburutwa juu ya theluji bila matope. Na maji ndani ya mti yamekuwa barafu, hivyo gogo la érable, mti mgumu wa huko, ambalo majira ya joto lingeshika shoka hupasuka kwa pigo moja. Bouleau, mti mwingine wa huko, ndiyo ya kuharakisha. Gome lake halipitishi maji, na gogo lisilopasuliwa huoza ndani ya gome hilo hilo. Kuni za Februari hii zitangoja baridi ya mwaka ujao, na za érable watu makini huziacha mpaka miaka miwili. Zikichomwa mbichi, masizi yenye lami hujaa kwenye bomba la moshi, na siku moja bomba hilo hushika moto.

Shoka lililolala nje kwenye baridi kama hiyo lisianze kazi moja kwa moja. Chuma huwa chepesi kumeguka, na pigo la kwanza kwenye fundo lililoganda laweza kung'oa makali. Lipashe kwanza ndani ya nyumba. Lisiwekwe motoni, maana moto huharibu ugumu wa chuma.

Katika mavazi, adui ni jasho. Kwenye ngozi avae sufu au poliesta, wala asivae pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kumpoza. Katikati sweta nene ya sufu, juu koti linalozuia upepo. Aanze kazi akiwa anasikia baridi kidogo, afungue koti kabla ya kulowa, na alifunge mara tu anapopumzika. Glavu awe na pea mbili, ya pili ikae kavu ndani ya koti. Viatu visibane, kwani kidole kilichobanwa hakipati damu. Kofia ifunike masikio. Skafu inayoning'inia isikaribie msumeno wa injini, na msumeno wenyewe asiushike kabla ya kufundishwa. Mti unapoangushwa, asimame mbali mara mbili ya urefu wa mti huo.

Upepo uhesabiwe. Digrii 20 chini ya sifuri zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huigusa ngozi kama digrii 33 chini ya sifuri, na hapo ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyeupe. Kwa ngozi yetu nyeusi dalili hiyo ni ngumu kuiona: huwa ya kijivu, kama imepakwa nta, ngumu ukiigusa, na maumivu hupotea. Kwa hiyo wenzake wamtazame pua na masikio, naye aguse mara kwa mara. Sehemu ikiganda, aingie ndani, aitie kwenye maji ya digrii 37 hadi 39 yaliyopimwa na mwingine, kisha aonwe na daktari. Asisugue, asipake theluji, asiote moto, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kusikia. Akitetemeka na ulimi kuwa mzito, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Kutetemeka kukikoma huku bado ana baridi, hiyo ni hatari ya kufa. Pombe imkae mbali: hufungua mishipa ya ngozi, na mtu husikia joto huku mwili ukilipoteza.

Na akija kununua kuni, aulize vipimo. Corde kamili ni kama mita za ujazo 3.6, lakini wengi Québec huita corde rundo la vipande vya sentimita 40, ambalo ni theluthi moja tu ya hiyo.

Baba wa Mugunga, Goma: Watoto huokota kuni kwenye mashimo ya lava alfajiri. Tumewapa kiberiti wapime mazuku. Yatosha?

Haitoshi, Baba. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, nayo hujikusanya mabondeni usiku wakati hakuna upepo, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mtoto ni mfupi, na anapoinama kuokota kuni uso wake unaingia humo. Ikifika asilimia 10 hivi, mtu huzimia kwa dakika chache, na kiberiti huweza kuwa bado kinawaka. Waende jua likiwa juu, wasiteremke shimoni, wasiende peke yao. Wakiona panya, ndege au wadudu waliokufa, warudi. Mtu akianguka, asifuatwe shimoni. Avutwe kwa kamba au mti mrefu. Wengi hufa wakiokoa. Na wasivuke kuingia Hifadhi ya Virunga, ambako kukata kuni ni marufuku.

Mama wa watoto wanne, Katuba, Lubumbashi: Usiku wa Julai baridi inatutesa. Je, mbabula (jiko la makaa) inaweza kuingia chumbani makala yakiwa mekundu, bila moshi?

Hapana, Mama, hata kwa nusu saa. Makala mekundu yasiyo na moshi hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuyafunika majivu hakuizuii. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala haamki. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali hata akisema amepona. Kwa joto la usiku, chemsha maji kwenye mbabula huko nje, yatie kwenye chupa imara, ifunge vizuri, izungushie kitambaa na uiweke miguuni mwa watoto.