Mwanangu, umeniuliza kuhusu sindano

Mwanangu,

Sisi hatujambo, na goti la baba yako limetulia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama akupancha, zile sindano za Kichina, pamoja na mpango wa mlo aliopewa mkwe wangu, kweli vinasaidia kushika mimba au mnatupa pesa. Umeandika kurasa mbili juu ya mwili wa mkeo: siku zake, damu yake, uzito wake, hata anachokula asubuhi. Juu ya mwili wako sikuona mstari hata mmoja. Nikavua miwani, nikakaa kwanza.

Unajua kwamba ulichelewa miaka sita. Umeisikia kwa shangazi zako, tena kwa kicheko, na mimi hucheka nao. Wanaipenda sana ile sehemu ya maini. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliambiwa na watu kuwa maini hufungua kizazi, basi nikalishwa maini kila siku, yeye amekaa mbele yangu mpaka sahani iishe. (Leo mjamzito akiniuliza, namwambia maini ayaache, maana yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wakati ule nani alijua?) Baba yako alikula meza hiyo hiyo, anachotaka, kisha akawasha sigara. Hakuna aliyemuuliza kitu. Na mchana mimi nilikuwa kazini nazalisha wake za watu. Kuna wiki nilipokea mapacha mara mbili, nikarudi nyumbani nikaikuta sahani inaningoja.

Hilo shangazi zako hawalisimulii.

Mtoto hapatikani kwa mtu mmoja. Najua nimelisema hadi limekuchosha. Nalisema tena.

Mwaka wa tano nilikwenda kwenye sindano, na sikumwambia mtu. Mama mmoja mpole, mikono yake ya baridi, akanilaza chali, akanichoma visindano vyembamba kama unywele: kimoja kwenye kifundo cha mkono, kingine ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Nilitarajia maumivu, nikapata uzito fulani tu, kama mtu amekuegemea. Akazima taa, akatoka. Nusu saa nzima hakuna aliyenitazama tumbo wala kuniuliza "vipi, bado?" Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu niolewe. Nilirudi mara nane. Mimba haikushika, lakini siku ile ya wiki niliingoja kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Sasa, zinasaidia? Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa Ujerumani kwa wanawake 160 waliokuwa wakipandikizwa mimba iliyotungwa maabara: waliochomwa sindano walioshika mimba walikuwa asilimia 42.5, wasiochomwa 26.3. Niliufurahia mno, nikausoma kwa sauti pale wodini. Kisha mwaka 2018 ukaja mwingine, wa Australia na New Zealand, wanawake 848 wa upandikizaji vilevile, na safari hii nusu yao walipewa sindano za kuigiza, zisizopenya ngozi. Waliojifungua watoto hai: asilimia 18.3 kwa sindano za kweli, 17.8 kwa zile za kuigiza. Hapo hakuna tofauti ya kushika mkononi. Kwa hiyo jibu ni hapana. Lakini je, mwanamke aliyepumzika akili si ana nguvu ya kuendelea kujaribu? Hapana, huko ni kujidanganya. Huo ni usingizi, si ujauzito. Ila mimi nilikuwa nauhitaji usingizi ule, na nyumba nzima hakuna aliyekuwa tayari kunipa.

Chakula ndicho nina la kusema bila kusita. Mkeo ameanza asidi ya foliki? Mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, hadi wiki ya 12. Haimsaidii kushika, inamlinda anayekuja. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na wengi siku hiyo bado hawajajijua. Mboga za majani ale, lakini zisichukue nafasi ya kidonge.

Turudi kwa baba yako. Mwaka wa sita nilipata daktari mpya, kijana mdogo. Akafunua faili langu nene, kurasa kwa kurasa, akauliza: "Na mumeo alipimwa lini?" Nikabaki kimya. Mimi, mkunga! Baba yako alikataa wiki saba. Alipokwenda, mbegu zikaonekana chache, na zenye mwendo chache zaidi. Akaacha sigara. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo tulingoja tena, safari hii tukingoja wawili. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Sisemi ni sigara. Kwa mtu mmoja huwezi kujua, na mkunga hapaswi kusema hivyo.

Ilikuwa sigara.

Mkeo ana miaka 36, na huu ni mwezi wa nane mnajaribu. Kwa umri huo uchunguzi haungojei mwaka uishe, huanza baada ya miezi sita. Nendeni wote wawili, na wewe uanze. Kipimo chako ni chepesi kuliko chochote atakachofanyiwa yeye. Sindano, kama anazipenda, mwache aende, mradi zifunguliwe mpya mbele yake, na mitishamba inayouzwa pamoja nazo asiinywe bila daktari kujua. Usimhesabie pesa hizo.

Baba yako amesoma mpaka hapa. Anasema nimemwonea, zilikuwa wiki tano.

Zilikuwa saba.

Mama yako